Elimu ya afya kwa wanafunzi wa sekondari mjini Bukavu: mambo ya kujua na kazi ya kanisa

Makala hii tunaiandika kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, walimu, maprefe wa masomo, wazazi na viongozi wa vijana katika makanisa yetu ya mashariki. Tunaeleza elimu ya afya ni nini, kwa nini kanisa lina sehemu yake, na mambo ya msingi ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Bukavu anapaswa kuyajua kabla ya kufanya mtihani wa Serikali. Mwishoni tunataja kazi ambazo kanisa la mtaa linaweza kuzianza bila kungoja mfadhili.

Elimu ya afya ni nini

Elimu ya afya ni mafundisho yanayomsaidia mtu kuujua mwili wake, kujua namna magonjwa yanavyompata, na kuchukua hatua inayofaa kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu umri wa ujana kuanzia miaka 10 hadi 19. Huo ndio umri wa watoto wetu walio darasa la saba na la nane, na wale walio katika miaka minne ya humanités. Ni umri ambao mtoto anaanza kujiamulia mambo: anakula nini njiani, anakunywa maji gani, anatembea na nani, anameza dawa gani.

Mwezi wa Aprili 2000, kwenye mkutano wa elimu huko Dakar, Senegal, mashirika ya UNESCO, UNICEF, OMS na Benki ya Dunia yalipatana kwamba afya shuleni inasimama juu ya nguzo nne. Ya kwanza ni kanuni za shule zinazolinda afya. Ya pili ni maji safi na vyoo. Ya tatu ni mafundisho yanayompa mwanafunzi uwezo wa kutenda. Ya nne ni huduma za afya pamoja na chakula bora. Mara nyingi shule zetu zinashika ile ya tatu peke yake. Mwalimu anafundisha kunawa mikono katika shule isiyo na maji. Mtoto anaandika jibu sahihi, anapata pointi zake, kisha anatoka chooni na kurudi darasani na mikono ile ile.

Kwa nini jambo hili linahusu kanisa

Mwaka 1974 Serikali ya Zaïre ilichukua shule za makanisa mikononi mwake. Mwaka 1977 ilirudisha usimamizi wa shule hizo kwa makanisa kwa njia ya mkataba. Ndiyo maana hadi leo tunazungumza juu ya shule za mkataba za Kiprotestanti, za Kikatoliki, za Kikimbangu na za Kiislamu. Serikali inaweka programu ya masomo. Kanisa linasimamia shule. Basi mtoto akimaliza miaka sita katika shule yetu bila kujua namna kolera inavyoenea, lawama haiendi Kinshasa peke yake.

Upande wa hospitali ni vile vile. Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) lilianza mwaka 1981 kazi inayoitwa SANRU ya kujenga huduma za afya vijijini, na hadi leo hospitali na vituo vingi vya nchi hii viko chini ya jumuiya za Kiprotestanti. Hapa Bukavu, Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, chini ya jumuiya ya CEPAC. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA) kinafundisha madaktari hapa hapa mjini. Shule, hospitali na chuo vyote vina mkono wa kanisa ndani yake. Kinachokosekana mara nyingi ni njia kati ya hivyo vitatu.

Biblia yenyewe haikuona haya kuzungumza mambo hayo. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli wanaagizwa kuchimba na kufukia kinyesi nje ya kambi. Katika Walawi sura ya 13, kuhani anaangalia ngozi ya mgonjwa na kumtenga kwa siku saba kabla ya kuangalia tena. Kama kuhani wa Israeli alijua kuangalia upele, mchungaji wa Kadutu anaweza kujua dalili za mpox.

Shida ya lugha

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalioni upesi. Mwanafunzi wa Bukavu anajifunza mwili wake kwa Kifaransa, anaishi barabarani na kanisani kwa Kiswahili, na nyumbani kwa bibi yake anasikia Kimashi, Kilega, Kifuliiru, Kihavu au Kibembe. Katika somo la biolojia anakariri majina ya viungo kwa Kifaransa. Akirudi nyumbani, mama anamuuliza amejifunza nini, naye hana neno la kumjibu. Maneno ya Kiswahili anayoyajua kwa viungo hivyo ni matusi ya barabarani.

Hivyo maarifa yanabaki kwenye daftari. Programu ya sekondari ina somo linaloitwa Éducation à la vie, ambalo linagusa ujana, uzazi na mwenendo. Lakini somo hilo likipita kwa Kifaransa tu, kijana analifaulu bila kulitumia. Kanisa ni mahali ambapo Kiswahili cha heshima kinasemwa kila juma. Tukisema mbele ya vijana maneno kama hedhi, mimba, uke, uume na ubakaji bila kucheka na bila kunong'ona, tunawapa lugha ya kumwambia muuguzi kinachowauma.

Hali ya mji

Bukavu imejengwa juu ya vilima na rasi za Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Tangu vita vya 1996 watu wengi wamekimbilia mjini kutoka vijijini, na nyumba zimebanana kwenye miteremko. Maji ya bomba hayafiki kila nyumba, na pale yanapofika hukatika. Watoto wanabeba bidoni kutoka ziwani, chemchemi au kwa jirani kabla ya kwenda shule. Februari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafungwa, na familia nyingi zilipoteza mapato. Mahali ambapo pesa hazipo, mgonjwa anachelewa kupelekwa hospitali. Kwa hiyo kuzitambua dalili mapema kuna thamani kubwa zaidi leo.

Kolera

Kolera inaletwa na kijidudu kinachopita katika kinyesi, kuingia katika maji au chakula, na kufika mdomoni. Ugonjwa huu hauishi kabisa katika Kivu. Unarudi mara kwa mara kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma, kolera na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa karibu 50,000 katika mwezi mmoja.

Mwanafunzi ajue mambo manne. Kwanza, watu wengi wenye kijidudu hiki hawaonekani wagonjwa, lakini kinyesi chao kinaambukiza wengine. Pili, mgonjwa mwenye kuhara maji maji kama maji ya mchele anaweza kufa kwa masaa machache, kwa sababu mwili unakauka. Tatu, akitibiwa mapema anapona: penye matibabu mazuri, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100 anakufa. Nne, maji ya kumwokoa njiani yanatengenezwa nyumbani: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya. Maji hayo hayachukui nafasi ya kituo. Yanamfikisha akiwa hai.

Vijiko hivyo tungependa kila mtoto avipime kwa mkono wake. Chumvi ikizidi, inadhuru. Anayesikia tu atasahau. Aliyepima atakumbuka usiku ambao mdogo wake anaanza kuhara.

Mpox

Mgonjwa wa kwanza wa mpox kujulikana kati ya wanadamu alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, katika Équateur ya nchi yetu, mwaka 1970. Mwaka 2023 aina mpya ya kirusi hicho, inayoitwa klade Ib, iliibuka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika eneo la Mwenga, jimbo letu la Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza kwamba ni dharura ya dunia nzima, na tarehe 5 Septemba 2025 ikaondoa tangazo hilo. Kuondolewa kwa tangazo hakumaanishi ugonjwa umekwisha.

Dalili ni homa, uchovu, kuvimba tezi za shingo au kinena, na vipele vinavyojaa maji au usaha. Inaenea kwa kugusana ngozi, kwa ngono, na kwa kutumia nguo na matandiko ya mgonjwa. Katika nyumba ambapo watoto wanne wanalala kwenye godoro moja, hilo lina uzito. Mgonjwa akae peke yake hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee.

Hapa shule na kanisa vina kazi ya kulinda heshima pia. Kwa kuwa ngono ni njia mojawapo, wengi wanamhukumu kila mgonjwa. Mtoto aliyeambukizwa na dada yake kitandani anaitwa mwasherati. Anayeogopa aibu anaficha vipele chini ya shati la shule na kuendelea kukaa kwenye benchi moja na wenzake. Aibu inaeneza ugonjwa.

Malaria na kifua kikuu

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa idadi ya wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Bukavu ni mji wa baridi kidogo, lakini mbu wapo, na mwanafunzi anayekwenda likizo katika bonde la Ruzizi au msitu wa Shabunda anarudi nayo. Chandarua kilale juu ya kitanda, kisigeuzwe wavu wa kuvulia sambaza au uzio wa mboga. Homa ipimwe kwanza kabla ya dawa, maana si kila homa ni malaria.

Kifua kikuu kinatambulika kwa kikohozi kinachopita majuma mawili, jasho la usiku na kukonda. Matibabu ya kawaida yanachukua miezi sita. Mgonjwa anajisikia nafuu mapema na kuacha vidonge, kisha ugonjwa unarudi ukiwa mgumu kuliko mwanzo. Rafiki wa darasani anayemkumbusha vidonge vyake kila siku anafanya kazi ya daktari.

Dawa za farmasi za barabarani nazo zizungumzwe. Wanafunzi wengi wananunua antibiotiki vidonge viwili au vitatu kwa ajili ya mafua. Antibiotiki haitibu mafua, na kipimo cha nusu kinawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Hedhi, mimba na heshima ya msichana

Hedhi ni alama ya mwili wenye afya. Kwa msichana wa sekondari siku kati ya hedhi moja na nyingine zinaweza kuwa 21 hadi 45, na kubadilika-badilika katika miaka ya kwanza ni kawaida. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Wasichana wengi wanavificha chini ya kitanda kwa haya, vinabaki na unyevu, na vinaweza kuwaletea madhara. Shule isiyo na choo chenye mlango na maji inampotezea msichana siku kadhaa za masomo kila mwezi. Wavulana nao wafundishwe jambo hili, kwa sababu dhihaka yao ndiyo inayomfanya abaki nyumbani.

Mimba ya utotoni ni hatari. Matatizo ya mimba na uzazi ni kati ya sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Mwili ambao haujakomaa unaweza kukwama wakati wa kuzaa kwa siku mbili au tatu, mtoto akafa, na mama akabaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi. Panzi inajulikana kwa upasuaji wa fistula. Tunafundisha vijana wangojee ndoa, na tutaendelea. Anayefundishwa kungoja anahitaji pia kujua anangojea nini, mimba inaingiaje, na Virusi vya Ukimwi vinapitaje.

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza ndoa ya aliye chini ya umri huo.

Masaa 72

Kama kuna sehemu moja ya makala hii inayofaa kusomwa mbele ya kanisa lote, ni hii. Mtu aliyebakwa anapaswa kufika hospitali kabla ya masaa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, ambazo atazimeza kwa siku 28. Anapewa pia dawa za magonjwa ya zinaa na za kuzuia mimba, anatibiwa majeraha, na anapewa mtu wa kumsikiliza. Baada ya masaa 72 dawa ya kuzuia virusi haifanyi kazi tena, lakini aende bado, maana misaada mingine ipo.

Sote tunajua yanayotokea badala yake. Familia inakutana kwa siri. Wazee wanaitwa, pengine na mchungaji. Wanahesabu mbuzi au dola za kumaliza maneno, na siku tatu zinapita msichana akiwa amefungiwa chumbani. Kikao kama hicho kinamnyima dawa, na kinavunja sheria. Kazi ya kwanza ya mchungaji aliyeitwa ni kumtuma msichana hospitali pamoja na mama anayemwamini. Mvulana aliyetendewa hivyo apelekwe vile vile.

Seli mundu na uchumba

Ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu tunauita drepanositozi au SS, hauletwi na uchawi wa shangazi. Mtoto anaurithi kwa baba na mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, wanaonekana wazima kabisa, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mtoto SS, mbili kati ya nne za mtoto AS, na moja ya mtoto AA. Wanafunzi wa biolojia wanafanya hesabu hiyo darasani kwa rangi za mbaazi na hawaambiwi kwamba inahusu harusi yao. Kipimo kinachofanywa siku chache kabla ya harusi, kadi zikiwa zimegawiwa, kinaleta machozi. Kipimo cha umri wa sekondari kinampa kijana nafasi ya kuchagua akiwa ametulia.

Moyo uliojeruhiwa na pombe

Vijana wetu wengi wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Kukosa usingizi, kushtuka kwa kelele, hasira za ghafla na kujitenga ni dalili za jeraha la moyo. Maombi ni ya lazima, na msikilizaji aliyefundishwa ni wa lazima pia. Anayesema kwamba anataka kufa asiachwe peke yake, na asikemewe kana kwamba ana pepo. Wengine wanatafuta usingizi katika kanyanga. Pombe inayopikwa bila kipimo inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho au kuua kwa kinywaji cha siku moja.

Funzo la Ebola

Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na kuisha Juni 2020 ilipata watu 3,470 na kuua 2,287. Agosti 2019 ilifika hadi Mwenga, jimboni kwetu. Katika miezi ya kwanza watu wengi walisema ni biashara, au siasa, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Watu walikuwa wamesahauliwa kwa miaka katika vita, kisha magari mengi yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mashaka yao yalikuwa na mzizi. Kwa hiyo elimu ya afya ianze na kusikiliza. Mwanafunzi akiuliza kama chanjo inatasa, ajibiwe kwa upole na kwa ukweli. Akicheweshwa au kucheka, atapata jibu kwenye simu.

Kazi ambazo kanisa la mtaa linaweza kuanza nazo

Mwaliko kwa muuguzi. Kila kituo cha afya kina muuguzi mkuu na wahudumu wa jamii tunaowaita reko. Aalikwe kwa vijana mara moja kila mwezi, kwa Kiswahili, na maswali yaandikwe kwenye karatasi bila majina.

Ndoo ya maji. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kwenye mlango wa kanisa na wa kila choo cha shule. Darasa moja lipewe zamu ya kuijaza kwa juma.

Mama wawili na baba wawili. Wachaguliwe watu wanaoaminiwa na vijana, wafundishwe habari ya masaa 72, na majina yao yatangazwe kanisani ili kila mtoto ajue amwendee nani.

Chakula. Kikundi cha wamama kiwaonyeshe vijana kwamba sambaza, maharagi, sombe na lengalenga vinajenga damu kuliko biskuti na soda za njiani.

Kipimo cha damu. Mafundisho ya uchumba yaanze na vijana wa mwaka wa mwisho wa humanités, pamoja na maelezo ya AA, AS na SS.

Mwanafunzi kama mjumbe. Kila mwanafunzi aliyejifunza kutengeneza maji ya sukari na chumvi awafundishe watu watatu wa avenue yake, kwa lugha ya nyumbani kwao. Bibi asiyejua Kifaransa atasikia kwa Kimashi kutoka kwa mjukuu wake, na atamwamini.

Kazi hizi hazihitaji jengo jipya. Zinahitaji mchungaji, prefe na muuguzi wakae kwenye meza moja kabla ya mwaka wa shule kuanza, kila mmoja aseme atafanya nini na siku gani. Tunawaomba ndugu wa makanisa ya Uvira, Goma, Beni na kwingine walio na mpango unaokwenda vizuri wautushirikishe, ili watoto wa pande zote wafaidike. Bwana awape nguvu katika kazi hii.